Sukari Niliyompelekea Mwenye Duka

Mjukuu wangu alipoingia chuo kusomea utangazaji, mimi nilidhani atafundishwa kuongea. Kumbe kitu cha kwanza wanachofundishwa ni kuogopa.

Jioni tukishakula alikuwa anafungua daftari juu ya meza yangu hapa mtaa wa Munyaka, anasoma kwa sauti Kiingereza cha mahakama. Plaintiff ndiye anayelalamika. Defendant ndiye anayelalamikiwa. Defamation ni kumharibia mtu jina. Anasema neno, anafunika daftari na kiganja, anarudia akiangalia mabati kama mtu anayesali. Mimi niko hapo nachagua maharagwe. Shule niliachia darasa la nne, lakini masikio yangu hayakuachia hapo.

"Haya ni masomo gani," nikamwuliza siku moja, "yanaanza na vile mtu atashtakiwa? Fundi wa nguo hafundishwi kwanza vile atajidunga sindano."

"Shosho, hii ni sheria ya vyombo vya habari. Lazima tujue mipaka."

"Mipaka ni ya shamba."

"Na ya mdomo pia iko," akasema, akarudi kwa daftari lake.

Nikarudi kwa maharagwe yangu, lakini roho haikutulia. Kazi ambayo mtu anaingia akiwa tayari anajua jina la yule atakayemshtaki, hiyo kazi iko na kitu.

Mimi ni mtu wa kushuku. Sitaficha. Nilikuja Eldoret kutoka Magharibi nikiwa bibi arusi, nikafanya kibarua kwa mashamba ya watu, nikauza mboga miaka mingi, na mji huu umenifunza kwamba mtu akikusalimia mara mbili asubuhi moja, kuna kitu anataka. Huyu msichana nimemlea tangu darasa la tano kwa sababu mama yake anafanya kazi mbali. Anabeba jina la mama yangu mzazi, kwa hivyo ninapompenda namwita mama, na ninapokasirika pia namwita mama, lakini kwa sauti nyingine. Ni wa kwanza katika nyumba yetu kuingia chuo. Kanisani nilikuwa nakaa mbele siku hizo, na mtu akiuliza habari za nyumbani najibu habari za chuo.

Sasa nieleze habari ya vifaranga.

Nilikuwa na vifaranga arobaini, wale kuku wa kienyeji walioboreshwa, wanene, wenye kelele. Chakula chao nilikuwa nanunua katika duka moja njia ya kwenda Yamumbi. Siku moja nikafungua mfuko mpya nikakuta mabonge, na harufu kama ya godoro lililolowa. Nikayavunja mabonge na mkono, nikawapa, kwa sababu ndicho chakula kilichokuwepo. Siku ya tatu wakaanza kusinzia. Wakaharisha kijani. Wengine shingo zikapinda mpaka kichwa kinaangalia mgongo. Ndani ya wiki nilibaki na sita.

Nikabeba lile bonge ndani ya karatasi nikampelekea mwenye duka. Ni mtu mzima, mpole wa sauti, na mpole wa sauti mimi namwogopa kuliko mwenye kelele.

"Mama, pole sana," akasema. "Lakini chakula yangu iko sawa. Angalia kuku wako wameshikwa na nini."

Alikuwa anaangalia viatu vyangu, si macho. Nikarudi nyumbani nimeshamaliza kesi. Mtu asiye na hatia ataogopa macho kwa nini?

Wakati huo mjukuu wangu alikuwa anatafuta habari ya kutangaza kwenye redio ya chuo chao, ile inayosikika hapa mjini na mitaa ya karibu. Ilikuwa kazi ya kupewa alama. Nikampa habari yangu kama mtu anayetoa kuku mnono kwa mgeni. Akafungua simu irekodi.

"Shosho, ulijionea mwenyewe hiyo chakula ikiwa na mabonge?"

"Kwa macho haya."

"Na kuna kitu kingine kilibadilika hizo siku? Dawa, maji, kuku wageni?"

Nikasema hakuna.

Hapo ndipo nilipokosa, na nilijua wakati huo huo kwamba nimekosa. Siku mbili kabla ya kufungua ule mfuko nilikuwa nimeenda mnada kule Ainabkoi, nikanunua kuku watatu wakubwa kwa bei ambayo kuku mzima hauzwi. Mmoja alikuwa anasinzia hata ndani ya kikapu. Nikawaingiza pamoja na vifaranga jioni ile ile. Mwanamke aliyefuga kuku kabla hata huyu msichana hajazaliwa, aliyefundisha wenzake wa kikundi cha kanisa kwamba kuku mgeni hukaa peke yake wiki mbili, ndiye huyo aliyewaingiza. Nitasemaje hayo kwa simu inayorekodi? Wale watatu walikufa pia, nikawazika nyuma ya choo kabla mtu hajawaona.

Majirani wawili walionunua chakula katika duka lile lile wakamwambia pia kuku wao wamekufa. Akataka kwenda kumwuliza mwenye duka.

"Usimwulize," nikamwambia. "Utamwamsha. Atakudanganya na ile sauti yake."

Akanisikiliza. Hilo pia ni langu.

Habari ikatangazwa. Hakutaja jina la duka. Alisema tu duka moja lenye mlango wa kijani, karibu na kanisa, njia ya Yamumbi, linashukiwa kuuza chakula kilichoua kuku wa akina mama. Jina langu pia hakutaja, aliniahidi hivyo. Aliamini kwamba asipotaja jina hakuna mtu wa kumshika. Lakini njia ya Yamumbi ina duka ngapi lenye mlango wa kijani karibu na kanisa? Hata mtoto wa chekechea angekupeleka. Jioni ile watu walikuwa wanapita pale wakichungulia tu na kwenda kununua mbele.

Baada ya siku chache barua ya wakili ikafika chuoni. Mjukuu wangu alikuja na nakala, akaiweka mezani pale pale anapowekaga daftari. Karatasi nzito, na Kiingereza chake kimevaa suti.

"Isome," nikasema.

Akasoma kwanza kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili, kidole kikitembea. Mteja wetu ni mfanyabiashara anayeheshimika. Maneno yako yalimhusu yeye, na mtu yeyote wa kawaida angejua ni yeye. Ni maneno ya uongo, na yalisemwa kwa nia mbaya. Ndani ya siku kumi na nne, tangaza kwamba ulikosea na uombe radhi, la sivyo tutaenda mahakamani bila kukuarifu tena.

"Sasa mimi ndio defendant," akasema. Alijaribu kucheka. Lile neno alilokuwa anakariri akiangalia mabati lilikuwa limeshuka likaketi kwenye kiti chake.

"Na chuo wanasema nini?"

"Barua yangu ya kwenda kufanya mazoezi ya kazi kwenye stesheni ya redio wameizuia. Ilikuwa nianze mwezi ujao. Wamesema hawatumi mtu mwenye kesi." Akakunja barua. "Nikikosa hiyo nafasi, sijui kama nitapata nyingine. Tulikuwa watu wengi tukiiomba, Shosho."

Usingizi haukunitosha wiki ile. Nilimshuku wakili. Nilimshuku mwenye duka kwamba amenunua wakili kwa sababu chakula kweli kilikuwa kibovu, maana mtu msafi atakimbilia karatasi ya nini? Nilishuku hata chuo. Mtu mmoja tu sikutaka kumshuku.

Basi nikafanya kile ambacho mama yangu angefanya. Kwetu hulali ukijua kuna jirani ana hasira na nyumba yako. Unabeba kitu mkononi, unatafuta mtu wa kukusindikiza, unaenda kwake na kusema nisamehe. Husemi nisamehe kwa sababu umekosa. Unasema nisamehe ili hasira ishuke, mkae, mnywe kitu, halafu ndiyo mwulizane nani alifanya nini. Msamaha ni mlango. Hukumu iko ndani ya nyumba, mbele sana. Na mwenyeji akipokea ulichobeba, hawezi tena kukushtaki, labda awe hana wazazi.

Nikanunua kilo mbili za sukari. Nikamchukua rafiki yangu wa kanisa, mama mmoja aliyetoka kule ziwani, mwenye mdomo ambao hata mchungaji huuombea. Sikumwambia mjukuu wangu. Ataniambia nini mtoto, katika mambo ya watu wazima?

Njiani rafiki yangu akasema, "Wewe, hiyo sukari shika vizuri. Unaibeba kama bomu."

"Nafikiria vile nitasema."

"Sema nisamehe, halafu ufunge mdomo. Wewe ukiendelea baada ya nisamehe, unaharibu."

Mwenye duka alitupokea vizuri. Mke wake akapika chai. Nikasimama, nikampa sukari kwa mikono miwili, nikamwambia, "Baba, utusamehe. Mtoto wetu amekuumiza."

Aliiangalia sukari, akamwangalia mke wake. Halafu akapokea. "Asante, Mama. Mmefanya vizuri kuja."

Tukanywa chai. Sikuuliza habari ya chakula wala yeye hakugusa habari ya kuku. Nilifikiri hiyo itakuja siku nyingine.

"Imeisha," rafiki yangu akasema tukirudi. "Mtu hawezi kunywa chai na wewe kisha akupeleke kortini."

"Chai ilikuwa na maziwa mengi sana," nikasema.

"Aki wewe. Hata maziwa unayashuku?"

Nilikuwa nayashuku. Na baada ya siku tatu barua ya pili ikaja.

Mjukuu wangu alisimama mlangoni nayo, hakuingia. "Shosho, ulienda kwa yule mtu?"

"Nilienda kukuondolea balaa."

"Wameandika hapa. Mlezi wa mwanafunzi, ambaye tunaamini ndiye aliyetoa hizo habari, alifika nyumbani kwa mteja wetu, mbele ya shahidi, akaomba msamaha. Kwa hivyo amekiri mwenyewe kwamba maneno yalikuwa uongo." Aliinua macho. "Shahidi ni nani?"

"Ni mama wa kanisa."

"Na ulibeba nini?"

"Sukari."

Akakaa chini. "Sukari haimo kwa barua," akasema. "Wameiacha nje."

Nikawaka. Nikasema yule ni mtu gani, amekula sukari yangu, amenywesha shahidi wangu chai, kisha amebeba maneno yangu mpaka kwa wakili. Mjukuu wangu aliningoja nimalize.

"Pengine hakukuonea," akasema. "Pengine yeye pia aliamini umekiri. Mtu akikuita mwuaji wa kuku redioni, halafu nyanya ya aliyesema akuje na sukari aseme nisamehe, wewe ungefikiria aje?"

Kwa wakili msamaha ni mwisho wa maneno, kwangu ni mwanzo. Mwenye duka alikuwa amesimama katikati yetu, akachagua upande uliomfaa. Hata mimi ningechagua huo.

Mwalimu wake wa sheria akatuita sote wawili. Nilitarajia mtu wa miwani na tumbo. Ilikuwa mama kijana, amevaa raba, meza yake imejaa karatasi. Alinipa kiti, akanisalimia kama mtu aliyelelewa. Hilo likanifanya nimshuku zaidi.

"Mama," akasema, "mimi siko hapa kukulaumu. Nataka ujue tu mahali tuko. Mtu akisema umemharibia jina, ngao yako kubwa ni ukweli. Kama ni kweli, na tunaweza kuonyesha, chuo kitasimama na huyu msichana, na hizo barua tutazijibu. Ile safari yako ya sukari tutaieleza. Lakini kama kuna shimo kwa hadithi, heri tulione sisi kabla wakili wake hajaliona."

"Chakula kilikuwa na mabonge," nikasema. "Na harufu."

"Naamini. Kuku walikufaje?"

Nikaeleza kusinzia, nikaeleza kijani. Nikaeleza shingo.

"Shingo zilipinda?" Akaweka kalamu chini. "Mama, mimi nimelelewa na kuku. Kwetu shingo ikipinda tulikuwa tunasema ni ugonjwa wa kideri. Mara nyingi unaingia na kuku mgeni, kisha unaruka mpaka kwa jirani." Hakusema kwa ukali. "Kulikuwa na kuku mgeni?"

Chumba kile kilikuwa na dirisha moja, na nje wanafunzi walikuwa wanacheka jambo lao. Nilimwangalia mjukuu wangu. Alikuwa ameketi wima, ananiangalia bila wasiwasi hata kidogo, kwa sababu alikuwa ameniuliza swali hilo zamani na nilikuwa nimelijibu. Aliniamini kuliko alivyoamini daftari lake. Hilo ndilo lililonivunja, si yule mwalimu. Ningesema hapana tena, angeingia mahakamani akiwa amesimama juu ya hapana yangu.

"Walikuwa watatu," nikasema. "Kutoka Ainabkoi. Niliwazika nyuma ya choo."

Mjukuu wangu alifunika daftari polepole.

"Andikeni jina langu," nikaendelea. "Mseme ni mimi. Mtoto hakujua."

Mwalimu akamgeukia. "Ulimwahidi nini mtu wako aliyekupa habari?"

"Kwamba sitamtaja."

"Basi ni ahadi yako. Mimi siwezi kuivunja, wala yeye hawezi kukulazimisha uivunje. Utaandika marekebisho. Utayasoma mwenyewe, kwa sauti yako na jina lako, kabla hizo siku kumi na nne hazijaisha. Ukifanya hivyo vizuri, nitaitetea barua yako ya mazoezi. Siahidi, lakini nitaitetea."

Siku mbili mjukuu wangu hakuniongelesha. Aliosha vyombo, aliteka maji, aliniwekea chakula, yote kimya kama mtu wa kuajiriwa. Afadhali angenitukana. Jioni alikuwa anaandika na kukata, anaandika na kukata. Sikuuliza anaandika nini. Nilijua. Ningekuwa mimi, ningeandika, nyanya yangu mwongo, basi.

Siku ya kutangaza nilienda kukaa kwenye kibanda cha rafiki yangu sokoni. Akafungulia redio kwa simu, akaiegemeza kwenye fungu la nyanya. Akina mama wengine wakasogea, maana habari ya mlango wa kijani ilikuwa imewafikia wote. Nikajifunika leso mabegani ingawa jua lilikuwa kali.

Sauti yake ilikuja imenyooka. Akataja jina lake. Akasema katika habari aliyotangaza kuhusu chakula cha kuku alifanya makosa. Chakula hakikupimwa mahali popote. Mmoja wa waliozungumza naye alikuwa ameingiza kuku wageni muda mfupi kabla ya vifo, na dalili zilizoonekana zinaweza kuwa za ugonjwa. Halafu akasema, "Kosa kubwa ni langu. Sikumtafuta mwenye duka kumwuliza upande wake, na nilikuwa na nafasi. Namwomba radhi yeye na familia yake."

Nikangoja. Nilikuwa nimejiandaa kwa sentensi moja, ile ya nyanya yangu mwongo. Haikuja. Hata hakusema kwamba kuna mtu alimkataza kwenda kwa mwenye duka. Muziki ukaanza.

"Amejibeba mwenyewe," rafiki yangu akasema taratibu.

Mama mmoja muuza mboga za sukuma akacheka. "Na huyo mwenye kuku wageni ni nani? Ametuharibia mtu jina hivi hivi. Mimi nilikuwa nanunua pale, nikaacha."

"Pengine ni yule wa kona," mwingine akasema. "Yule hupenda vitu vya bei ya chini."

"Ni yeye. Nilimwona na kikapu."

Yule wa kona hakuwepo kujitetea. Ana mtoto mdogo na bega bovu, na wakati huo pengine alikuwa anafua nguo za watu. Niliwasikiliza wakimshona vizuri, neno kwa neno, vile nami nilivyomshona mwenye duka kwa sababu ya kuangalia viatu.

"Ni mimi," nikasema.

Wakaniangalia.

"Kuku watatu, kutoka Ainabkoi. Mmoja alikuwa mgonjwa nikimwona. Nilificha. Yule wa kona mwacheni."

"Wewe?" muuza sukuma akasema. "Si wewe ndiye ulitufundisha kutenga kuku?"

"Ndiyo mimi."

Walicheka, na walicheka muda mrefu, na wengine wanacheka mpaka leo nikipita. Kanisani nilirudi kukaa viti vya katikati. Ni sawa.

Mjukuu wangu alifika nyumbani jioni hiyo, habari ikiwa imemtangulia. Akavua viatu mlangoni.

"Shosho, umejitaja sokoni?"

"Nimejitaja."

"Na mimi nimekesha nikitafuta vile nitakuficha."

"Najua, mama. Umeficha vizuri. Shida ni kwamba walianza kumvaa mtu mwingine."

Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu ofisini. Baadaye wakili akaandika kwamba mteja wake ameridhika. Barua ya stesheni nayo ikatiwa sahihi, ingawa alianza mazoezi wiki mbili nyuma ya wenzake, akiwa ameambiwa wazi kwamba wanamwangalia.

Usiku wa kabla ya kuanza alikuwa anapiga nguo pasi. Nikashindwa kujizuia.

"Yale mabonge lakini yalikuwepo," nikasema. "Na ile harufu. Mimi bado namshuku yule mtu."

Hakuinua macho kwa pasi. "Mshuku tu, Shosho. Hiyo haina kesi. Lakini ukitaka niiseme, kwanza tukapime chakula, na mimi mwenyewe ndio nitaenda kumwuliza."

"Atakudanganya."

"Basi nitarekodi akidanganya," akasema, akageuza kola.